Kupunguza Ramani ya Nyumba: Robo ya Eneo Si Robo ya Gharama

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini



Katika kata zetu, msimu wa ujenzi huanza pale mavuno yanapogeuka kuwa fedha. Alizeti na vitunguu vikishauzwa, mvua ikiwa imekwisha na barabara za vijijini zikipitika, mwenye kiwanja hukaa na fundi kuzungumzia nyumba. Mara nyingi mazungumzo hayo huishia mahali pamoja: ramani ni ya vyumba vitatu, makadirio yamezidi fedha iliyopo, na uamuzi unaofikiwa ni kuipunguza ramani.

Uamuzi huo ni wa busara, kwa kuwa nyumba ndogo iliyokamilika ni bora kuliko kubwa isiyo na paa. Hata hivyo, wengi huufanya kwa hesabu isiyo sahihi. Hudhani kwamba ukipunguza robo ya eneo la nyumba umepunguza robo ya gharama. Sivyo ilivyo. Gharama hushuka, lakini hushuka polepole kuliko eneo. Asiyelijua hilo mapema hulitambua siku ya kupaua, fedha ikiwa imekwisha na boma likiisubiri mvua ya Novemba.

Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, na namna ya kupunguza ramani ili upunguzaji uonekane mfukoni na si kwenye karatasi pekee.

NYUMBA TUTAKAYOITUMIA KAMA MFANO

Nyumba zinazojengwa kwa wingi katika miji yetu midogo na pembezoni mwa barabara kuu ya Dodoma hadi Singida zinafanana. Nyingi ni za mstatili, zina vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, stoo, choo na bafu, na korido inayopita katikati. Mpango wa korido kati na vyumba kila upande si mgeni. Ulizoeleka katika nyumba za Kiswahili za miji ya pwani, ukasambaa kuingia bara pamoja na miji yenyewe.

Tuchukue nyumba ya aina hiyo yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9. Eneo lake ni mita za mraba 108. Mzingo wake, yaani jumla ya urefu wa kuta nne za nje, ni mita 42. Mwenye nyumba anaamua kuipunguza iwe mita 10 kwa 8, vyumba vyote vikibaki ila kila kimoja kikibanwa kidogo. Eneo jipya ni mita za mraba 80, na mzingo ni mita 36.

Hapo ndipo siri ya somo hili ilipo. Eneo limepungua kwa asilimia 26, lakini mzingo umepungua kwa asilimia 14 tu.

MAKUNDI MATATU YA GHARAMA

Gharama za nyumba hazifuati kipimo kimoja. Zinagawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza hufuata eneo. Humo mna jamvi, sakafu, dari na sehemu kubwa ya paa. Jamvi la nyumba yetu lenye unene wa sentimita 10 lilihitaji zege la mita za ujazo 10.8. Nyumba ndogo inahitaji mita za ujazo 8. Zimeokolewa mita za ujazo 2.8. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, kila mita ya ujazo humeza takribani mifuko 6 ya saruji ya kilo 50. Hivyo katika jamvi pekee imeokolewa mifuko ipatayo 17.

Kundi la pili hufuata urefu wa kuta. Humo mna mtaro wa msingi, mawe ya msingi, tofali, lenta na nondo zake, lipu na rangi. Ukuta wenye kimo cha mita 3 hutumia takribani tofali 10 za saruji kwa kila mita ya mraba, kabla ya kutoa nafasi za milango na madirisha. Kuta za nje za nyumba kubwa zingetumia tofali 1,260. Za nyumba ndogo zingetumia 1,080. Tofali 180 zimeokolewa, sawa na asilimia 14. Kuta za ndani nazo hupungua kwa kiwango kinachokaribiana na hicho, maana vyumba ni vilevile na kila ukuta unaovitenganisha bado upo.

Kundi la tatu halifuati kipimo cha nyumba. Mlango mkubwa ni mmoja katika nyumba kubwa na katika nyumba ndogo. Choo ni kimoja, shimo la maji taka ni moja, na sinki la jiko ni moja. Kuunganishwa umeme na maji hakuulizi sebule ina mita ngapi. Maadamu vyumba vyote vimebaki, milango ya ndani, fremu, vitasa, madirisha, grili, taa na swichi vimebaki vilevile. Gari linaloleta mchanga nalo hutoza safari.

HESABU YA KUFUNDISHIA

Ili tuone matokeo ya makundi hayo, tuchukue mgawanyo wa mfano. Katika kila shilingi 100 ya ujenzi, tuseme shilingi 40 zinafuata eneo, shilingi 35 zinafuata urefu wa kuta, na shilingi 25 hazibadiliki. Mgawanyo halisi hutofautiana kati ya nyumba na nyumba, kwa hiyo kila mjenzi ataweka takwimu zake, lakini njia ya kukokotoa ni hii.

Shilingi 40 za eneo zikipungua kwa asilimia 26 zinabaki karibu 29.6. Shilingi 35 za kuta zikipungua kwa asilimia 14 zinabaki 30. Shilingi 25 zinabaki 25. Jumla ni shilingi 84.6. Maana yake, mwenye nyumba ameacha zaidi ya robo ya eneo, lakini ameokoa takribani shilingi 15 tu katika kila 100.

Tuiweke hesabu hiyo katika fedha anayoishika mjenzi. Tuseme nyumba ya kwanza ilikadiriwa kugharimu shilingi milioni 30. Anayekata kwa uwiano wa eneo atatarajia nyumba ndogo igharimu shilingi milioni 22.2. Kwa hesabu yetu, nyumba hiyo itagharimu karibu shilingi milioni 25.4. Pengo ni shilingi milioni 3.2. Kwa kuwa fedha hutumika kuanzia chini kwenda juu, pengo hilo halionekani kwenye msingi wala kwenye kuta. Linaonekana juu, kwenye mbao, bati na misumari.

Boma lililosimama bila paa halibaki kama lilivyo. Tofali za udongo hulika kwa mvua, nondo zilizoachwa wazi hushika kutu, na majani huota sebuleni. Anayesubiri mavuno ya mwaka unaofuata hukuta ana kazi ya kurudia kabla ya kuendelea.

Katika mfano huohuo, gharama ya kila mita moja ya mraba imepanda kwa takribani asilimia 14. Hilo lisimtishe mtu, kwa kuwa anayelipa haangalii bei ya mita, anaangalia jumla. Limtahadharishe tu kwamba makadirio ya nyumba ya jirani yake, yakigawanywa kwa mita za mraba, hayawezi kuhamishiwa kwenye nyumba iliyo ndogo zaidi.

PUNGUZA KWA KUFUATA KIPIMO CHA BATI

Bati haziuzwi kwa sentimita. Duka likiwa na bati za mita 3, yaani takribani futi 10, utanunua bati nzima hata ukihitaji sehemu yake. Kwa sababu hiyo, swali la upande gani wa nyumba upunguzwe lina uzito mkubwa.

Tuchukulie paa lenye miteremko miwili, lililoinuka kwa digrii 20, na kutokeza nje ya ukuta kwa sentimita 60 kila upande. Kila bati ifunike upana wa sentimita 75 baada ya kupishana na mwenzake. Katika nyumba ya mita 12 kwa 9, urefu wa mteremko mmoja ni karibu mita 5.4, hivyo kila mstari unahitaji bati mbili. Mistari ni 18 kila upande. Jumla ni bati 72.

Sasa tupunguze upana tu, nyumba iwe mita 12 kwa 8. Mteremko unakuwa karibu mita 4.9. Kila mstari bado unahitaji bati mbili, na mistari bado ni 18. Jumla ni bati 72 zilezile. Mwenye nyumba amepoteza mita za mraba 12 za makazi na hakuokoa bati hata moja; kilichoongezeka ni vipande vya kukatwa.

Badala yake tupunguze urefu, nyumba iwe mita 10.8 kwa 9. Mistari inakuwa 16 kila upande, na bati ni 64. Zimeokolewa bati 8. Tazama pia eneo: nyumba hii ina mita za mraba 97.2, ilhali ile ya 12 kwa 8 ina mita za mraba 96. Hii ni kubwa kidogo, mzingo wake ni mfupi kidogo, na bado inatumia bati chache zaidi.

Fundisho lake ni kwamba kabla ya kuchora mstari mpya kwenye ramani, uliza kwanza duka lina bati za urefu gani na zinafunika upana gani. Pale zinapopatikana bati za kuagiza kwa kipimo, moja kutoka kileleni hadi chini, hesabu hubadilika na kupunguza upana huleta nafuu. Mbao nazo huuzwa kwa urefu maalumu, kwa hiyo kenchi zipangwe na fundi kabla ya kununua.

Kanuni hiyohiyo huhusu tofali. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matumizi ya tofali za kufungamana zinazotengenezwa kwa udongo na saruji kidogo. Tofali hizo zina urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 15. Anayezitumia akipanga urefu wa kuta zake kwa mafungu ya sentimita 15 au 30 hatakata tofali nyingi, na tofali lisilokatwa halipotezi fedha.

ONDOA KITU KIZIMA, USIBANE KILA KITU

Anayebana kila chumba anapunguza kundi la kwanza na kundi la pili, lakini hagusi kundi la tatu. Anayeondoa chumba kizima anagusa yote matatu: sakafu, kuta, mlango, dirisha, grili, taa na swichi huondoka pamoja. Ndiyo maana nyumba ya vyumba viwili vyenye nafasi mara nyingi huwa na nafuu ya kweli kuliko nyumba ya vyumba vitatu vilivyobanwa.

Kubana kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye makadirio. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kina upana wa karibu mita 1.5. Kikiwekwa katika chumba cha mita 2.6 kwa 2.6, inabaki njia ya mita 1.1. Ukiongeza kabati lenye kina cha sentimita 60, inabaki njia ya nusu mita, ambamo mtu hupita kwa ubavu. Chumba hicho kimejengwa, kimepakwa rangi na kimelipiwa, lakini hakikidhi haja.

Eneo la kwanza kulitazama ni korido. Korido yenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 8 inachukua mita za mraba 9.6. Hicho ni kipimo cha chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3.2. Imewekewa jamvi, imezungushiwa kuta na kuezekwa kama chumba, lakini hakuna anayelala humo. Vyumba vikifunguka kutoka kwenye sebule au kwenye kijikorido cha mita 2, sehemu kubwa ya eneo hilo huokolewa bila mtu kukosa mahali pa kulala.

Hata hivyo, korido ina kazi yake ya heshima. Hutenganisha wageni na vyumba vya kulala, watoto wa kike na wa kiume, na huwezesha wakwe kukaa sebuleni bila kutazamana na mlango wa chumba. Familia inayothamini hilo isiiondoe kwa sababu ya hesabu peke yake. Inaweza kuifupisha, au kugeuza milango ya vyumba isielekee sebuleni moja kwa moja.

Kona nazo zina bei. Nyumba yenye vichomozi vingi ina mzingo mrefu kuliko ya mstatili yenye eneo lilelile, na paa lake lina mabonde yanayohitaji bati za kukatwa na kazi ya uangalifu ili lisivuje. Kuondoa vichomozi viwili kunaweza kuokoa fedha bila kupunguza chumba chochote.

NYUMBA INAYOKUA

Wazee wetu walijua namna ya kujenga kwa awamu. Tembe la Mnyaturu au la Mgogo lilibebwa na nguzo na boriti za miti, likaezekwa kwa udongo juu, na vyumba vikapangwa kwa mstari kuzunguka ua. Kijana alipooa au mifugo ilipoongezeka, mstari uliendelezwa. Hakuna aliyehitaji kubomoa paa lote ili kupata chumba kimoja.

Nyumba ya bati nayo inaweza kupangwa ikue. Mwenye fedha ya vyumba viwili ajenge vyumba viwili, lakini ramani ichorwe mapema ikiwa na vyumba vitatu au vinne, awamu ya pili ikionyeshwa. Katika ukuta ambao baadaye utafunguliwa mlango, lenta ipite juu yake tangu mwanzo, na sehemu ya mlango ijazwe tofali zinazoweza kuondolewa bila kuudhuru ukuta. Nyumba iongezwe kwa urefu, kuifuata kofia ya paa, ili miteremko iendelee bila kutengeneza bonde. Shimo la maji taka lichimbwe mahali ambapo hapatajengwa.

Ujenzi wa awamu una gharama zake. Fundi ataitwa mara mbili, vifaa vitasafirishwa mara mbili, na maungio ya paa yanahitaji umakini. Faida yake ni kwamba familia inalala ndani ya nyumba yenye paa tangu awamu ya kwanza, wala haisubiri nyumba nzima ikamilike.

MAMBO YASIYOPUNGUZWA

Baadhi ya wajenzi, wakiona fedha imepungua, hupunguza visivyoonekana. Tunasisitiza kwamba vifuatavyo visiguswe.

Kwanza, uwiano wa saruji katika zege na tofali, pamoja na nondo za lenta. Nyumba ndogo haihitaji zege dhaifu.

Pili, vifungo vya kenchi kwenye kuta. Singida ni mkoa wa upepo, na paa jepesi lisilofungwa vizuri huinuliwa. Ukingo wa paa unaotokeza nje nao uachwe, kwa kuwa ndio unaokinga ukuta na msingi dhidi ya mvua.

Tatu, madirisha. Chumba kidogo kinahitaji hewa zaidi. Kifua kikuu na magonjwa mengine ya njia ya hewa huenea kwa urahisi mahali watu wanapolala wengi katika chumba kisichopitisha hewa.

Nne, choo bora. Kisiahirishwe kwa hoja kwamba kitajengwa baadaye.

UTARATIBU WA KUFUATA

Mwananchi anayejenga katika eneo lililopangwa anatakiwa kuwa na kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri kabla ya kuanza. Ikiwa ramani imekwisha kupata kibali na unataka kuipunguza, usianze kuchimba kwa vipimo vipya kabla ya kuwasilisha mabadiliko hayo. Kuta zikihama, umbali kutoka mpaka wa kiwanja na mahali pa shimo la maji taka vinaweza kuhama pia.

Kabla ya kufika ofisini, andaa mambo matatu: vipimo vya nyumba ya sasa na ile unayoitaka, orodha ya vifaa iliyogawanywa katika makundi matatu tuliyoyaeleza, na bei za vifaa kutoka dukani kwako za wiki hiyo. Gawa orodha hiyo kwa hatua: msingi, kuta hadi lenta, kupaua, na umaliziaji. Tenga fedha ya kupaua kwanza, kisha uangalie iliyobaki inaweza kujenga kuta za urefu gani. Anayeanza hesabu kutoka kwenye paa hashangazwi na paa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nyumba ya mita 12 kwa 9 imepunguzwa ikawa mita 11 kwa 9. Eneo limepungua kwa asilimia ngapi, na mzingo kwa asilimia ngapi?

2. Kwa paa tulilolieleza, nyumba hiyo ya mita 11 kwa 9 inahitaji bati ngapi? Ukipunguza sentimita 20 nyingine za urefu, unaokoa bati ngapi?

3. Katika nyumba unayokusudia kujenga, taja vitu vitano ambavyo gharama yake haitabadilika hata ukipunguza vipimo vya vyumba.

Majibu: Katika swali la kwanza, eneo limepungua kwa takribani asilimia 8, kutoka mita za mraba 108 hadi 99, mzingo umepungua kwa takribani asilimia 5, kutoka mita 42 hadi 40. Katika swali la pili, zinahitajika bati 68. Ukipunguza sentimita 20 zaidi zinakuwa 64, hivyo unaokoa bati 4. Swali la tatu lijibiwe na kila mmoja akiwa na ramani yake mkononi, pamoja na mwenza wake na fundi wake.

Kwa ushauri kuhusu ramani, makadirio na vibali, wananchi wanakaribishwa kufika Ofisi ya Mhandisi wa Halmashauri, au kuanzia kwa Afisa Mtendaji wa Kata, siku na saa za kazi.